Uzi: Kuchora mbao ya mninga juu ya mlango wa chuma, nilipokosea na nilipopatia

Mleta uzi

Wakuu habari za wakati huu. Huu uzi nimeuahidi muda mrefu na kila siku kuna mtu ananikumbusha, leo kazi imelala kwa sababu ya mvua basi nimekaa niandike.

Mi ni fundi rangi, nipo Mbagala hapa Dar, nyumba napaka na mageti napaka, ila miaka ya karibuni kazi niliyoipenda kuliko zote ni kuchora mbao juu ya kitu ambacho si mbao, yaani mlango wa chuma, emdiefu (yale mabao ya kiwandani ya unga wa mbao uliogandamizwa), hata ukuta uliopigwa skimu ukalainika vizuri. Mnajua wenyewe hali ilivyo, mtu anaweka mlango wa chuma kwa sababu ya wezi na mchwa, lakini moyoni anataka mninga kama aliouona kwa baba yake, na mninga wa kweli uliokauka vizuri sa hivi bei yake si ya kila mtu. Hapo ndo sisi tunaitwa.

Niseme mapema jambo lenyewe maana wengi wanaokuja inbox wanauliza "fundi unatumia rangi gani". Rangi ni sehemu ndogo sana. Kinachofanya macho yakubali au yakatae ni kama unajua seremala anaupasuaje mti na anaungaje mlango. Mi hilo sikulijua, na mlango wangu wa kwanza uliniumbua.

Ilikuwa hivi, nilinunua kile kiraba cha kuchorea mbao, kile chenye mgongo wa mviringo na mistari kama nusu duara zilizopangana, nikaangalia video mbili tatu, nikaona ni kuvuta tu. Nikapata mteja, mlango wa mbele, shata moja (yaani bamba moja la mlango) ya chuma laini. Nikavuta kutoka juu mpaka chini, nikarudi nikavuta tena pembeni yake, mlango mzima nikaujaza yale macho na vilele vya moyo wa mbao, kila mstari una moyo wake. Mi niliona nimetisha. Mteja akaja jioni, akasimama, akanyamaza, akanambia "fundi kazi ni safi na umejituma, lakini hii si mbao." Akanilipa yote. Nikatembea mpaka kituoni nikiwa na lile neno lake, maana hata yeye hakuweza kuniambia nini hasa hakiko sawa, na mi pia sikujua.

Kesho yake nikaenda Keko kwa mzee mmoja seremala, nikamwamkia nikamweleza shida yangu, nikamwonyesha na picha kwenye simu. Hakucheka wala nini. Akainama kwenye kipande cha takataka chini ya meza, akatoa kipande cha mninga kama urefu wa kiganja, akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji akakipangusa. Kile kipande kikabadilika pale pale, mistari ya kahawia nzito ikatokea juu ya rangi ya dhahabu iliyoingia wekundu, na pembeni upande mmoja kuna utepe mweupe unaoelekea manjano, akasema huu weupe ni nyama ya nje ya mti, huku kwekundu ndo moyo. Halafu akakigeuza nione kichwa chake, pale msumeno ulipokatia. Akaweka ukucha. "Kijana, angalia hizi duara. Gogo zima ni duara hizi. Ukipasua ukipita ubavuni mwa gogo, duara zinalala, ndo unapata vilele kama milima usoni mwa ubao. Ukipasua ukielekea katikati ya gogo, duara zinasimama, unapata mistari iliyonyooka tu. Gogo moja linatoa zote mbili. Wewe umechora mlango ambao kila ubao umetoka sehemu moja ya gogo, wapi umeuona mti huo?"

Wakuu, hapo ndo nilielewa. Vilele ni vichache. Mistari iliyonyooka ndo mingi, na ndo inayofanya vilele vionekane. Nilimwomba vile vipande vya takataka, akanijazia mfuko, mninga, mkongo, mvule, mkangazi, na mpaka leo nasafiri navyo, siji kuchora mlango bila kipande cha kweli kuwekwa mezani mbele yangu.

Mleta uzi (inaendelea)

Sasa kazi yenyewe. Nitaelezea chuma kwanza maana ndo ninachofanya zaidi.

Chuma kisafishwe kutu mpaka king'ae, mafuta ya welding yafutwe kwa tina (kimiminika cha kuzimulia rangi), upake praima ya redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu sehemu za kuunga na mashimo ya welding uzibe kwa puti na upige msasa mpaka ukipitisha kiganja umefumba macho usisikie kitu. Hapa usiwe mvivu kabisa. Raba ya kuchorea ikipita juu ya tuta dogo inaruka, na ikiruka inaacha doa ambalo halifanani na kitu chochote kwenye mti.

Rangi ya chini ndo ile nyepesi kuliko zote unayoiona kwenye mbao, si ya katikati. Kwa mninga mi nachanganya krimu, njano na wekundu kidogo mpaka ipate ile rangi ya asali iliyochanganyika na udongo, na nailinganisha na kipande kikiwa kimelowa maji, kwa sababu vanishi itakuja kukifanya hivyo hivyo. Iwe rangi ya mafuta yenye mng'ao wa kati. Ya kung'aa sana rangi ya juu inateleza na kujikusanya, na ile isiyong'aa kabisa inanyonya, ukivuta raba haifuti kitu. Mikono miwili, yaani upake mara mbili, msasa mwepesi katikati, halafu uiache ikauke kweli kweli, mi naipa siku mbili.

Rangi ya juu ndo inayochorwa, nayo lazima iwe ya kupitisha mwanga, yaani ukiipaka unaona rangi ya chini kwa mbali. Kipimo changu ni vanishi ya mafuta kikombe kimoja, tapentaini kikombe kimoja, rangi ya mafuta ya kahawia nzito robo kikombe, na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) vijiko viwili ili isikauke haraka. Ukichora halafu mistari ikajifunga yenyewe ujue ni nyepesi mno, ongeza vanishi na uipe dakika chache.

Na hapa naomba msome vizuri maana iligharimu mlango mzima. TAPENTAINI, siyo tina ya spray. Siku moja tapentaini iliniishia nikasema ngoja nimalizie na tina iliyokuwepo, kwani zote si zinazimua rangi? Nimepaka upande wa juu wa shata, hata dakika haijapita rangi ya chini ikaanza kukunjamana kama utando juu ya maziwa ya moto, ikanyanyuka, nikigusa inakuja na brashi mpaka redoksaidi. Tina ile ina nguvu, inaila rangi ya mafuta ambayo bado changa. Nilikwangua mpaka chuma, siku tatu zikapotea.

Kuvuta sasa. Unapaka rangi ya juu sehemu ya ubao mmoja tu, siyo mlango mzima. Unaweka kiraba mwanzo wa ubao, unakivuta kuja kwako huku unakiinamisha polepole kutoka kisigino kwenda ncha, bila kusimama katikati, mkono usitetemeke. Ukikiinamisha haraka unapata macho mafupi ya duara, ukikiinamisha taratibu sana unapata vilele virefu, na hivyo virefu ndo mbao ya kweli. Vilele vya ubao mmoja vielekee upande mmoja. Kila ukivuta mara moja futa raba kwa kitambaa, ukivuta mara ya pili na raba chafu unapaka badala ya kuchora. Pembeni ya vilele unakuja na kitana cha raba kwa mistari iliyonyooka, na kitana hicho wala usihangaike kununua, mi nilikata kwenye ndala ya zamani iliyo ngumu, nikachonga meno kwa wembe, mengine mapana mengine membamba bila mpangilio. Yakilingana sawa sawa inaonekana kama mabati.

Kabla haijakauka, chukua brashi kavu yenye nywele ndefu uipitishe kwa wepesi kabisa kufuata mistari, kama unapangusa vumbi juu ya uso wa mtoto aliyelala. Ile mistari mikali ya raba inalainika. Halafu kwa ubavu wa brashi hiyo hiyo unapigapiga kwenda juu, inaacha vidoa virefu vidogo kama vitundu vya mninga. Hii hatua ndo watu wengi wanairuka, na bila hiyo unaona kazi ya raba badala ya kuona mbao.

Mpangilio wa mlango: unachora paneli kwanza, zile sehemu za ndani zinazozungukwa na mbao za fremu, halafu mbao ya wima ya katikati kama ipo, halafu zinazolala, mwisho zile mbili za pembeni zinazoshuka kutoka juu mpaka chini bila kukatwa. Kwa sababu ndivyo seremala anavyounga. Ya kulala nyuzi zinalala, ya wima nyuzi zinasimama, na pale zinapokutana weka tepu ili mwisho uwe mkali kama umekatwa na msumeno. Hata shata lililo bapa kabisa bila paneli unaweza kulichorea paneli zake, piga mistari ya penseli, fuata mpangilio huo huo, jicho linaona mlango ulioungwa.

Mchangiaji wa Mwanza

Mkuu asante sana kwa darasa. Mi nimechora geti mwaka jana, likatoka vizuri watu wanasimama kupiga picha, lakini baada ya miezi linabanduka kama ganda la ndizi, tena linabanduka lote na praima yake, chini chuma safi. Vanishi nilipiga mikono mitatu. Shida nini?

Mleta uzi

Mkuu pole sana. Lile bati lilikuwa linang'aa kijivu na lina maua maua kama barafu iliyopasuka? Kama ndiyo, hilo ni bati lililopakwa zinki. Rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu ya zinki zinaanza kulana, katikati inatengenezeka kitu kama sabuni, na sabuni haishiki kitu. Hata upige vanishi mikono kumi itaondoka na rangi yote. Dawa yake ni praima maalumu ya bati la zinki, ile inayouma chuma, muulize muuza hadwea na umsomeshe kopo asikupe redoksaidi ya kawaida. Kwa hilo geti ulilonalo sikufichi, ni kubandua yote.

Mdau wa Mombasa

Fundi, naona kazi waijua. Huku kwetu kando ya bahari upepo haukupi nafasi, rangi ya juu inakauka kabla sijamaliza paneli, na mchanga unakuja kukaa juu yake. Pili, kuna mzee alinambia ufundi huu umeletwa na milango ya kiwandani juzi juzi tu, mimi nikabisha. Ni wa lini hasa?

Mleta uzi

Kaka upepo mi nakwepa kwa kuanza alfajiri, saa kumi na mbili na nusu nimeshachanganya rangi, ikifika saa nne nimeacha. Sakafu namwagia maji, na kama mlango unatoka kwenye bawaba nautoa naulaza ndani. Kuulaza kuna faida nyingine, rangi haichuruziki. Linsidi ongeza kijiko kimoja, usizidishe maana ikizidi inabaki inanata wiki nzima.

Kuhusu umri, wewe ulikuwa sahihi kubisha. Ni ufundi wa zamani sana, Wamisri wa kale walichora nyuzi za mbao nzuri juu ya majeneza yaliyotengenezwa kwa mbao hafifu. Uingereza karne ya 19 ulikuwa ufundi unaoheshimika wenye mabingwa wake. Kuna mmoja aliitwa Thomas Kershaw, alizaliwa 1819 huko Lancashire, alianza kama mwanafunzi wa kupaka rangi kama sisi tu, akapeleka mbao zake za kuigiza kwenye Maonyesho Makubwa ya London 1851 akapata medali, na 1855 Paris akapata tena. Paneli zake zipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert (V&A) London. Nilipoziona picha zake niliganda, kwa sababu mule ndani kuna kile kile mzee wa Keko alichonionyesha na ukucha wake. Yule bwana alikuwa anaujua mti. Na Brussels kuna shule ya Van der Kelen inafundisha kuchora mbao na marumaru kwa brashi tangu karne hiyo ya 19, watu wanakaa miezi kadhaa wanachora hivyo tu.

Mchangiaji wa Arusha

Kaka niongezee kidogo kwa wanaojifunza nyumbani hasa dada zangu ambao harufu ya tapentaini inatushinda ndani na watoto wapo. Mi nachora makabati ya emdiefu na nilijifunzia kwa siki. Siki nusu kikombe, sukari kijiko cha chai, tone la sabuni ya vyombo, halafu unaongeza ile oksaidi ya unga ya sakafu, nyekundu na nyeusi kidogo, mpaka iwe kahawia. Unapaka juu ya rangi ya mafuta iliyokauka. Uzuri wake ni kwamba ukikosea unafuta na kitambaa kibichi unaanza upya, mi nilichora ubao mmoja nadhani zaidi ya mara thelathini kwa nusu kikombe hicho hicho. Ila ukimaliza lazima uifunge na vanishi ya mafuta au shelaki, ya maji itaivuruga yote. Na kingo za emdiefu zinakunywa rangi, zipige sandin sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao, mara mbili kwanza.

Mleta uzi

Dada hii ni dhahabu, nilikuwa sijawahi kuielezea na mi mwenyewe ningeanza na hiyo nisingeharibu mlango wa mtu. Anayeanza aanze na siki.

Mchangiaji mwingine

Mi nina swali la dhamiri. Hii si kumdanganya mtu? Anayekuja kununua nyumba anaona mninga kumbe ni bati.

Mleta uzi

Swali zuri mkuu na nashukuru umeliuliza. Mi kwenye risiti naandika "mlango wa chuma, umechorwa mbao", na mteja akitaka nisiandike hivyo kazi siichukui. Nyumba ya George Washington kule Mount Vernon, Virginia, nje inaonekana mawe lakini ni mbao zilizochongwa kingo, zikapakwa rangi na kurushiwa mchanga ikiwa mbichi, na hakuna anayeficha hilo. Mlango uliochorwa vizuri mtu anausogelea, anaugonga, anasikia chuma, halafu anarudi nyuma kuuangalia tena. Mi nachora kwa ajili ya kule kurudi nyuma. Lakini kumuuzia mtu kwa bei ya mninga huo ni wizi, na tukiwaacha wanaofanya hivyo kazi yetu sote itadharaulika.

Na kitu kingine kabla sijasahau, vitambaa mlivyofutia linsidi msivikunje mkavitupa kwenye kona. Vinapata joto vyenyewe taratibu na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Nawaomba sana hili, wengine wanalala kwenye stoo zao za kazi.

Mchangiaji wa Dodoma

Shikamoo fundi. Nimefanya ya siki jana usiku kwenye mlango mdogo wa kabati, nimeweka picha hapo juu. Nimetumia kitana cha ndala. Naomba unikosoe bila kuogopa.

Mleta uzi

Marahaba kijana wangu. Nimeikuza picha nimeiangalia kwa muda. Mkono wako ni mwepesi na vilele viwili vya paneli ya kushoto ni vizuri mno, vile virefu, umekiinamisha taratibu inavyotakiwa. Rangi ya chini imekuwa nyeupe mno, ndo maana inaonekana kama karatasi imechorwa, ongeza njano na wekundu. Sasa angalia mbao ya kulala ya juu, umepitisha nyuzi wima zikaungana na za pembeni, hapo mlango wako umekosa kiungo. Na paneli ya kulia umeweka vilele tena, iache iwe ya mistari iliyonyooka tu, hiyo ya kushoto ipate kupumua. Vanishi bado hujapiga, siki hiyo inafutika. Chukua kitambaa kibichi ufute ya kulala na paneli ya kulia, weka tepu kwenye viungo, uchore tena leo leo, halafu piga picha ukiwa umesimama hatua tatu nyuma.